Kwa Nini Betri ya Kamera Huisha Upesi

Katika miji na vijiji vya nchi zetu wapo wananchi wengi ambao kamera ndiyo jembe lao. Wapo wanaopiga picha za pasipoti na za vitambulisho, wapo wanaoitwa kwenye harusi, mahafali na maziko, wapo waandishi wa habari, na wapo watumishi wa serikali wanaotumwa kupima mashamba au kukagua madaraja. Kwa watu hao wote, betri inayokufa kabla ya kazi kwisha ni hasara ya fedha na ya heshima pia. Harusi hairudiwi, wala kura hazihesabiwi mara ya pili kwa sababu mpiga picha hakuwahi.

Lalamiko linalosikika siku zote ni moja: betri za kamera hizi za dijitali haziwekeki, zinaisha upesi mno. Wengine humlaumu mwenye duka, wengine humlaumu mtengenezaji, na wengine hukata shauri la kununua betri mpya kila baada ya miezi michache. Lawama hizo mara nyingine zina haki. Lakini mara nyingi zaidi chanzo cha tatizo kimo katika kazi ambayo kamera hufanya, katika aina ya betri iliyotiwa humo, na katika namna betri hiyo inavyotunzwa. Yafaa basi tuyaangalie mambo hayo matatu moja baada ya jingine.

Kwanza tukumbuke kamera tulizozizoea zamani. Kamera ya filamu ilikuwa chombo cha springi na magurudumu ya meno. Mkono wa mpiga picha ndio uliosogeza filamu, na mkono huo huo ndio uliozungusha lenzi. Kamera kama Pentax K1000, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1997, ilitumia betri ndogo kama kifungo cha shati kwa ajili ya kupimia mwanga tu. Betri hiyo ilipokwisha, kamera iliendelea kupiga picha kama kawaida, ila mwenyewe alilazimika kukadiria mwanga kwa macho yake. Ndiyo maana mtu aliyezoea kamera ya namna hiyo hushangaa anapoona kamera mpya ikizima kabla ya jua kuchwa.

Kamera ya dijitali ni mashine ya namna nyingine kabisa. Ile ya kwanza iliundwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson katika kampuni ya Kodak huko Rochester, Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja katika utepe wa kaseti, na picha yenyewe ilikuwa na nukta elfu kumi tu. Kwa kazi hiyo ndogo ilihitaji betri 16 za nikeli na kadimiamu. Tangu siku yake ya kwanza, basi, kamera ya dijitali ilizaliwa na kiu ya umeme. Mafundi wameipunguza kiu hiyo kwa kiasi kikubwa sana, lakini wakati huo huo wameiongezea kamera kazi ambazo Sasson hakuwa nazo.

Hebu tuzihesabu kazi hizo. Mara mtu anapoiwasha kamera, kioo cha nyuma huwaka kama taa. Kihisi cha mwanga, ambacho kimechukua nafasi ya filamu, huanza kupokea picha mara nyingi kwa kila sekunde ili kioo kionyeshe kinachotazamwa. Mota ndogo husukuma lenzi mbele na nyuma kuutafuta ulengo ulio sawa. Katika kamera nyingi, mota nyingine hukitikisa kihisi au kipande cha lenzi ili kuufidia mtetemeko wa mkono. Kitufe kinapobonyezwa, prosesa huzichukua nukta milioni nyingi, huzipanga, huzisafisha, huzifinya na kuziandika katika kadi ya kumbukumbu. Baada ya hapo picha huonyeshwa tena kwenye kioo. Ikiwa kamera ina mtambo wa kutuma picha kwa mawimbi ya redio hadi kwenye simu, mtambo huo nao hula umeme hata wakati hakuna picha inayotumwa.

Ni dhahiri kwamba katika orodha hiyo tendo la kupiga picha lenyewe ni dogo. Umeme mwingi huliwa na kungojea: kioo kinachowaka, kihisi kinachotazama, na lenzi inayotafutatafuta. Mpiga picha anayeiacha kamera imewashwa kifuani mwake kwa saa nzima, huku bwana harusi akingojewa, anaweza kumaliza sehemu kubwa ya betri yake kabla ya kupiga picha hata moja.

Ushahidi ulio wazi wa jambo hili tunaupata kwa kulinganisha kamera mbili za kampuni ya Nikon. Nikon D850 ilitolewa mwaka 2017. Hiyo ina kioo cha kuakisi, na mpiga picha hutazama kwa jicho lake mwanga wenyewe uliopita katika lenzi, bila kutumia umeme wa maana. Mwaka uliofuata, 2018, ikatolewa Nikon Z7 isiyo na kioo cha kuakisi. Humo mpiga picha hutazama skrini ndogo iliyo ndani ya kitundu, na kihisi hufanya kazi muda wote. Kamera zote mbili zilitumia betri za jamii moja, zenye volti 7 na miliampea-saa 1,900. Hata hivyo, kwa kipimo cha watengenezaji, ile ya kwanza ilitoa picha 1,840 na ile ya pili ikatoa picha 330. Betri haikubadilika, iliyobadilika ni kazi iliyotwikwa.

Wasikilizaji wengine watauliza: hesabu hizo zinazoandikwa kwenye maboksi hutoka wapi, na mbona sisi hatuzifikii? Zinatokana na kanuni iliyowekwa na chama cha watengenezaji wa kamera wa Japani. Kamera huwekwa mahali penye joto la nyuzi 23, na picha hupigwa moja kila baada ya nusu dakika, kioo kikiwa kinawaka. Kamera yenye flashi ya ndani huiwasha mara moja katika kila picha mbili, na baada ya kila picha kumi kamera huzimwa. Hicho ni kipimo cha kulinganishia kamera na kamera. Mtu anayepiga picha mfululizo katika mpira wa miguu, bila flashi, anaweza kupata nyingi zaidi ya hizo zilizoandikwa. Mtu anayepiga picha moja, kisha akakaa dakika tano akiwaonyesha watoto picha zao kwenye kioo, atapata chache sana. Na anayerekodi sinema asiitazame hesabu hiyo hata kidogo, kwa kuwa sinema huvifanyisha kazi kihisi, prosesa na kioo bila kupumzika.

Flashi nayo yastahili kutajwa peke yake. Taa hiyo haiwezi kuwashwa moja kwa moja na betri yenye volti chache. Ndani ya kamera kuna kapasita, yaani kidude cha kuwekea umeme, ambacho hujazwa hadi kufikia volti 300 hivi, kisha kikaachilia umeme wote kwa nukta moja. Ule mlio mwembamba unaosikika baada ya flashi kuwaka ni sauti ya umeme ukipandishwa ili kukijaza tena. Katika kamera ndogo za mfukoni, flashi ni miongoni mwa walaji wakubwa wa betri. Hapa pia inafaa tuwaonye mafundi wa mitaani: kapasita hiyo huweza kubaki na umeme hata baada ya betri kutolewa, na mtu anayeifungua kamera bila tahadhari anaweza kupigwa vibaya.

Sasa tuje kwenye betri yenyewe. Kamera nyingi za bei nafuu, hasa zilizouzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, hutumia betri za ukubwa wa AA, zile ambazo wengine wetu huziita mawe ya redio au ya tochi. Mwenye kamera hununua dukani betri mbili au nne za bei rahisi, huzitia, hupiga picha chache, na kamera humwambia kwamba betri zimekwisha. Huzitoa kwa hasira na kuzitupa. Lakini lau angezitia betri hizo hizo katika saa ya ukutani, zingeizungusha kwa miezi mingi, na katika redio ndogo zingemletea taarifa ya habari kwa siku kadhaa. Imekuwaje betri iliyokufa katika kamera iwe hai katika saa?

Jibu laweza kueleweka kwa mfano wa mtungi. Mitungi miwili inaweza kuchukua maji sawasawa, lakini mmoja ukawa na shingo pana na mwingine shingo nyembamba. Anayetaka maji kwa kikombe haoni tofauti yoyote. Anayetaka kuzima moto ataiona mara moja. Kila betri ina shingo yake, ambayo wataalamu huiita ukinzani wa ndani. Saa na redio huomba umeme kwa kikombe. Kamera huomba kwa ndoo, na tena kwa ghafula, wakati lenzi inapotoka na flashi inapojazwa. Betri za kawaida za zinki na kaboni zina shingo nyembamba sana. Zile za alkalaini ni bora zaidi, lakini nazo zikikamuliwa kwa nguvu volti zake huporomoka. Kamera imewekewa kiwango ambacho volti zikishuka chini yake hujizima yenyewe ili isije ikaharibu picha inayoandikwa. Kwa hiyo betri huhukumiwa kifo ingali na akiba tele ndani yake.

Dawa ya tatizo hilo ipo, nayo ni betri za kuchajiwa za nikeli na haidraidi. Hizo zina volti 1.2 badala ya 1.5, na kwa sababu hiyo wengi huzidharau wakidhani ni dhaifu. Kumbe shingo yake ni pana, na volti zake hukaa karibu pale pale mpaka mwisho. Katika kamera hudumu mara kadhaa kuliko alkalaini, na zinaweza kuchajiwa mara mamia. Kasoro ya zile za zamani ni kwamba zilivuja umeme zenyewe: mtu alizichaji, akaziweka kabatini mwezi mzima, na alipozihitaji akazikuta zimepungua sana. Tangu mwaka 2005 zimekuwapo za aina mpya, ambazo hutunza sehemu kubwa ya chaji yake kwa mwaka na zaidi. Yule ambaye kamera yake hutumia betri za AA angefanya vyema kununua seti moja ya betri hizo pamoja na chaja nzuri, na kuacha kununua mawe kila juma. Ila asichanganye betri nzee na mpya katika kamera moja, maana iliyo dhaifu huwaangusha wenzake wote.

Kamera nyingi za siku hizi hutumia betri za lithiamu-ioni. Asili yake ni kazi ya wanasayansi watatu, Stanley Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino, ambao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Betri hizo zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991. Kwa uzito wake mdogo hubeba umeme mwingi kuliko betri nyingine zote tulizozitaja. Hata hivyo tusiutie chumvi wingi huo. Ile betri ya volti 7 na miliampea-saa 1,900 ina umeme wa kuwasha taa ya wati 5 kwa saa mbili na nusu na ushei, basi. Akiba yenyewe ni ndogo, na ndiyo maana ubadhirifu mdogo huonekana upesi.

Tena betri hizo huzeeka. Kila inapochajiwa na kutumiwa, utando mwembamba huzidi kujijenga ndani yake na kuila lithiamu ambayo ingefanya kazi. Baada ya kujazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500 hivi, nyingi hubakiwa na asilimia 80 ya uwezo wake au chini ya hapo. Huzeeka hata zikiwa zimekaa tu, na adui yake mkubwa ni joto. Betri iliyoachwa imejaa ndani ya gari lililofungwa vioo, juani, katika Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi, hupoteza umri wake kwa kasi. Betri itakayokaa muda mrefu bila kazi ihifadhiwe mahali penye ubaridi wa kivulini, ikiwa na chaji nusu hivi.

Hapa pana fundisho moja la zamani ambalo limepitwa na wakati. Wazee wa kazi hii huwafundisha vijana kwamba betri sharti imalizwe kabisa kabla ya kuchajiwa. Fundisho hilo lilikuwa na maana kwa betri za nikeli na kadimiamu. Kwa lithiamu-ioni halina faida, na kuimaliza mpaka mwisho kila mara huidhuru. Ni bora kuichaji mara kwa mara, hata ikiwa bado na nusu.

Baridi nayo ina hila yake, ingawa si sawa na ya joto. Wapandao mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa meta 5,895, hukuta betri zilizojaa jana usiku zikizima alfajiri karibu na kilele. Katika baridi kali kemia ya betri hufanya kazi polepole, na ile shingo ya mtungi husinyaa. Lakini umeme haukupotea. Betri ikiwekwa kifuani ndani ya nguo ikapata joto la mwili, hurudisha sehemu kubwa ya nguvu zake. Waongozaji wa mlimani wanalijua jambo hili, na huwashauri wageni walale na betri zao.

Tusisahau pia udanganyifu. Masoko yetu yamejaa betri zinazofanana kwa umbo na zile za asili, zenye maandishi makubwa ya miliampea-saa ambazo hazimo. Betri ya umbo lile lile yenye madai ya uwezo maradufu ya ile ya asili yafaa itiliwe mashaka papo hapo. Hatari yake haiko kwenye fedha peke yake, kwani lithiamu isiyo na kinga nzuri inaweza kuvimba na hata kuwaka moto. Ni kwa sababu hiyo mashirika ya ndege huagiza kwamba betri za akiba zibebwe katika mkoba wa mkononi, wala zisiwekwe katika mizigo ya chini.

Ndugu wasikilizaji, tunayo sababu nyingine ya kulitazama jambo hili kwa makini, nayo iko jirani kabisa. Katika betri nyingi ndogo za lithiamu kuna madini ya kobalti, na zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Sehemu yake huchimbwa na makampuni makubwa, na sehemu nyingine hutolewa na wachimbaji wadogo wenye sululu na gunia, ambao baadhi yao hushuka katika mashimo yasiyo na nguzo. Watoto nao wamekutwa katika kazi hiyo. Mwezi wa Februari mwaka 2025, bei ilipokuwa imeshuka mno, serikali ya Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nchi za nje, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ikaweka viwango maalumu vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka.

Maana yake kwetu ni nini? Ni kwamba jiwe lililochimbwa kwa jasho la jirani zetu husafirishwa nje, hutengenezwa huko, kisha hurudi kwetu kama betri ya bei kubwa. Nasi huiacha juani, huimaliza bila sababu, huitupa jalalani, na kwenda kununua nyingine. Hapana shaka kwamba tungependa kuona siku moja betri zinatengenezwa katika ukanda wetu huu. Lakini hata kabla ya siku hiyo, kuitunza ile tuliyo nayo ni njia ya kupunguza fedha zinazotoka nje, na ni njia ya kuheshimu kazi ya yule aliyelichimba jiwe. Na betri iliyokufa kweli isitupwe shambani wala isichomwe pamoja na takataka. Zile za kadimiamu zina sumu, na zile za lithiamu hulipuka. Irudishwe kwa muuzaji au kwa wakusanyaji wa vyuma na vifaa vya umeme pale walipo.

Kwa muhtasari, basi, mwenye kamera afanye hivi. Aipunguze nuru ya kioo, na aiweke kamera ijizime yenyewe baada ya nusu dakika au dakika moja. Afunge mtambo wa kutuma picha wakati hautumiki. Aache kuzitazama picha tena na tena kazi ikiwa bado inaendelea. Aitumie flashi panapohitajika tu. Ncha za betri na za kamera zikiwa na vumbi au kutu azifute kwa kitambaa kikavu. Achaji betri usiku wa kuamkia kazi, na siku zote awe na betri ya pili mfukoni, iliyojaribiwa, maana akiba haiozi.

Betri ya kamera ni kibaba kidogo, na kazi inayotakiwa kufanya ni kubwa. Hatuna uwezo wa kukikuza kibaba hicho kwa manung'uniko. Uwezo tulio nao ni wa kujua kinakwenda wapi, na kukitumia kwa mpango. Aliyejua hivyo hatakutwa na kamera iliyozima siku ambayo maharusi wamekwisha simama, au siku ambayo matokeo ya kituo yanabandikwa ukutani na wananchi wanamtegemea yeye apate ushahidi wa picha.